Kumtafuta Aliyekwenda Manamba: Mwongozo kwa Familia za Singida

Kaka yake bibi aliondoka nyumbani, upande wa Mungaa, akiwa na wenzake watatu. Walikwenda mkonge. Wawili walirudi na baiskeli, mmoja alirudi akikohoa, yeye hakurudi. Kila ukoo ulipokutana, kwa harusi au kwa msiba, bibi aliuliza lile lile: kuna aliyemsikia? Sisi wajukuu tukakua tukijua kwamba babu huyo “alipotelea Tanga”.

Nilipoamua kumtafuta nilipoteza miaka miwili kwa kosa langu mwenyewe. Nilizunguka na jina nililolisikia kwa bibi, jina la nyumbani, la Kinyaturu, ambalo huko Tanga hakuna mtu aliyewahi kuliita. Mwongozo huu nimeuandika ili wewe usiipoteze miaka hiyo miwili.

KWA NINI WATU WETU WALITAWANYIKA

Singida ilikuwa mkoa wa kutoa watu hata kabla haijaitwa mkoa (hadi 1963 ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati, makao makuu Dodoma). Kodi ya kichwa ililipwa kwa fedha, mvua ilikuwa ya kubahatisha, na fedha ilikuwa mbali: mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inakusanya watu wa bara kwa mkataba na kuwasafirisha. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walichukuliwa na jeshi la kikoloni la KAR wakaishia Burma. Baadaye, miaka ya 1973 hadi 1976, Operesheni Vijiji ikawahamisha hata wale waliobaki, na majina ya makazi ya zamani yakafutika midomoni.

Anayemchukua mtu humwandika. Humwandika, lakini, kwa shida yake yeye mwandishi: padre aliandika ajue nani anaruhusiwa kumwoa nani, karani wa shamba ajue nani alipwe, jeshi lijue nani amekufa. Kabla ya kufungua daftari lolote jiulize liliandikwa kwa haja gani. Utajua mapema litakupa nini, na hutamlaumu karani kwa kuacha jambo ambalo halikuwa kazi yake.

HATUA YA 1: ANZA NYUMBANI, WIKI HII

Wazee kwanza, ofisi baadaye. Nunua kaunta buku moja, liwe la kazi hii tu. Nenda kwa mzee mkubwa kuliko wote uliye naye, na usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha.

Usianze na “alizaliwa mwaka gani?” Anza na “aliondoka na nani?” Wenzake wa safari ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu watu wa kijiji kimoja walijiandikisha pamoja, wakapangwa kambi moja, wakaandikiana barua. Huenda mtu wako hana kumbukumbu yoyote lakini mwenzake anazo.

Kisha omba kuona sanduku. Kila nyumba ya zamani ina sanduku au mfuko wa nailoni juu ya dari wenye stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, kadi za TANU, barua zilizokunjwa mara nne. Kama kuna kipande cha kazi, ile kadi yenye visanduku vya siku 30, umepata jina la shamba na namba ya mtu. Piga picha pande zote mbili, pamoja na bahasha: muhuri wa posta ni ushahidi mzuri wa mahali barua ilipotumwa.

Na jambo moja litamke mapema, kabla hujaulizwa: kwamba hutafuti shamba. Mjukuu anapoanza kuuliza habari za babu aliyepotea, wazee wa kwanza kunyamaza ni wale wanaolima eneo lake. Sema wazi, mbele ya mashahidi. Kama kweli unatafuta shamba, huo ni mwongozo mwingine na unaanzia kwa mwanasheria.

HATUA YA 2: ORODHESHA MAJINA YAKE YOTE

Mtu mmoja wa kizazi kile angeweza kuwa na majina sita. Tenga ukurasa mzima, ujaze unachojua na uache nafasi kwa usichojua.

┌ SANDUKU LA MAJINA
□ Jina la kuzaliwa, la nyumbani
□ Jina la baba, la babu na la ukoo
□ Jina alilopewa jandoni
□ Jina la ubatizo, au jina la Kiislamu kama alisilimu huko ugenini
□ Jina la utani, au la kabila na mahali: “Mnyaturu”, “Mnyiramba”, “Singida”
□ Jina la mtoto wake wa kwanza (Baba Fulani)
□ Namba: ya kazi, ya jeshi, ya chama
└

Kijana aliyebatizwa Petro kwao angeweza kuzikwa Muheza kwa jina la Ramadhani, na majirani zake wote wakawa wanasema kweli.

Halafu kuna tahajia. Sauti yetu ya “gh” karani wa pwani aliisikia “g” au aliiruka kabisa. “R” ya Kinyaturu ikawa “l”. Mjerumani aliandika kwa masikio yake: Isanzu kwake ni Issansu, na “sh” ni “sch”. Kwa kila jina, andika namna nne au tano linavyoweza kukosewa, kisha tafuta zote. Soma jina kwa sauti ukiiga lafudhi ya karani. Utachekwa, lakini inafanya kazi.

HATUA YA 3: GEUZA MATUKIO KUWA MIAKA

Wazee wetu walihesabu kwa matukio. Yabandike kwenye jalada la ndani la daftari lako:

• Vita ya Mjerumani: 1914–1918
• Mtunya, njaa kuu ya Ugogo, kwa watu wa Manyoni: 1917–1920
• Vita ya Hitila: 1939–1945
• Uhuru: Desemba 1961
• Kuondolewa kwa machifu: 1963
• Pesa mpya za Tanzania: 1966
• Azimio la Arusha: 1967
• Operesheni Vijiji: 1973–1976
• Vita ya Amini: 1978–1979

Muulize mzee: alipoondoka, machifu walikuwepo bado? Alikuwa amekwisha kutahiriwa? Wewe ulikuwa unachunga au umeolewa? Kwa maswali matatu ya namna hiyo niliweka kuondoka kwa babu yangu kati ya 1950 na 1953.

HATUA YA 4: VITABU VYA KANISA

Hapa ndipo penye mali, na ndipo ninapokuomba ukae muda mrefu kuliko kwingine. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya tangu 1920 haikuwalazimisha Waafrika kusajiliwa kama ilivyowalazimisha Wazungu na Waasia, kwa hiyo usitarajie cheti cha kuzaliwa cha babu. Cheti chake ni kitabu cha ubatizo.

Jua kwanza ni kanisa gani lililofika kwenu. Iramba na sehemu ya Singida ni Walutheri: Misioni ya Leipzig kutoka Ujerumani ilitangulia, na baada ya Vita ya Kwanza wakaja Waaugustana, Walutheri kutoka Marekani, mwaka 1926. Ruruma, Kiomboi na Kinampanda ni majina utakayoyakuta mara nyingi. Leo vitabu viko chini ya KKKT Dayosisi ya Kati. Kwa Wakatoliki wa Unyaturu, Makiungu ni miongoni mwa parokia kongwe. Jimbo la Singida lenyewe ni la 1972, hivyo barua za kabla ya hapo usizitafute Singida mjini peke yake. Kilimatinde na Manyoni, anza na Waanglikana.

Utaratibu:

1. Uliza parokia au usharika wa ZAMANI wa eneo hilo. Parokia iliyo karibu leo pengine imegawanywa majuzi, na vitabu vya zamani vilibaki kwa mama yake.
2. Peleka barua (mfano uko chini) na uache siku kadhaa. Usiende Jumapili, wala wiki ya Pasaka.
3. Omba usomewe au usome mbele ya katibu. Usipige picha bila ruhusa. Ukurasa huo una watu wengine, na wengine kati yao wana siri.
4. Tafuta miaka mitano mbele na mitano nyuma ya mwaka unaoudhani. Wengi walibatizwa wakubwa, baada ya ukatekumeni.
5. Nakili mstari mzima: namba, tarehe, wazazi, msimamizi, aliyebatiza. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki vimeandikwa kwa Kilatini, basi Yohane atakuwa Joannes na Karoli atakuwa Carolus.
6. Soma UKINGO wa ukurasa.

Hilo la sita ndilo lililomrudisha babu yangu. Kwa kanuni za Kanisa Katoliki, mtu akifunga ndoa popote duniani, parokia iliyomfungisha huiarifu parokia aliyobatizwa, nayo huandika ukingoni mwa jina lake. Padre alifungua kitabu kikubwa chenye mgongo ulioshikwa kwa gundi ya karatasi, akateremsha kidole, akasimama. Jina la nyumbani halikuwepo kabisa. Lilikuwepo la baba yake, na mbele yake “Petrus”. Pembeni, kwa wino mwingine na mkono mwingine, maandishi madogo kama ya mtu anayebana nafasi: tarehe ya mwaka 1961, jina la mwanamke, jina la parokia upande wa Korogwe. Yalikuwa yamekaa pale zaidi ya miaka hamsini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwa bibi.

Walutheri hawana ukingo wa namna hiyo kwa uhakika ule ule, lakini uliza daftari la washarika na barua za uhamisho. Kwa familia za Kiislamu, njia ni cheti cha nikaha kwa miaka ya karibuni, hasa baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na kwa miaka ya nyuma ni kumbukumbu ya imamu na wazee wa msikiti. Kaa nao baada ya swala ya alasiri.

HATUA YA 5: FUATA KAZI

Ukishajua shamba, usikimbilie ofisini. Mashamba mengi yalibadilisha wenyewe, mengi yakataifishwa 1967, baadaye yakauzwa, na katika kila makabidhiano karatasi za watu ndizo zilizotupwa kwanza. Nenda kambini. Mashamba ya mkonge bado yana kambi za wazee ambao hawakurudi kwao, na wanajuana kwa asili: watakuonyesha nyumba ya Mnyaturu, ya Mnyiramba, ya Mnyakyusa. Waulize pia watani. Kule ugenini mtani ndiye aliyemzika mtu asiye na ndugu, na mtani hasahau nani alimpiga chenga siku ya matanga.

Kama alikuwa bado kazini baada ya 1964, huenda alikuwa mwanachama wa Mfuko wa Akiba, NPF, ambao tangu 1997 ni NSSF. Taarifa zake hupewa mrithi halali, siyo kila anayeuliza. Nenda na hati za mirathi au usiende.

HATUA YA 6: KAMA ALIKUWA ASKARI

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) ina orodha ya wafu kwenye tovuti yake, bure. Andika jina kwa tahajia zote za Hatua ya 2. Askari waliozama na meli Khedive Ismail, 12 Februari 1944, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wamo kwenye mnara wa ukumbusho ulioko Nairobi. Wa Burma watafute kwenye makaburi ya Taukkyan na mnara wa Rangoon.

Kwa wapagazi wa Vita ya Kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, jiandae kukuta patupu. Tume yenyewe ilikiri katika taarifa ya 2021 kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina. Patupu pale ni uzembe wa mwandishi, usikuambie kwamba babu hakwenda.

Medali ipo nyumbani? Igeuze uangalie ukingo wake. Za Vita ya Kwanza zilichongwa namba na jina. Za Vita ya Pili mara nyingi hazina kitu.

HATUA YA 7: OFISI ZA SERIKALI

Kifo cha miaka ya karibuni kitafute RITA, kupitia kwa msajili wa wilaya ALIKOFIA, siyo alikozaliwa. Mashauri mengi ya mirathi yako Mahakama ya Mwanzo. Shule za msingi zina daftari la uandikishaji lenye jina la mzazi na kijiji, na walimu wakuu ni wepesi kusaidia kuliko ofisi nyingi nilizokalia mabenchi yake.

Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya serikali ya kikoloni na vile vitabu vya wilaya vya Singida, Iramba na Manyoni. Kwa kawaida faili hufunguliwa likifikisha miaka 30. Utapata habari za machifu, njaa, kodi na uandikishaji wa vibarua. Jina la mtu wa kawaida utalipata kwa bahati. Nenda huko baada ya kumaliza hatua nyingine, ukiwa na maswali. Kumbuka pia kwamba Mkalama na Ikungi zimekuwa wilaya kamili kuanzia miaka ya 2010 tu: mtu wa Nduguti yumo kwenye mafaili ya Iramba, wa Mungaa kwenye ya Singida.

Sensa usiipotezee nauli. Kwetu majina ya sensa hayafunguliwi.

┌ KAMA ANAYETAFUTWA NI MNORWAY
Si kichekesho. Hospitali ya Haydom, jirani tu na Mkalama, ilianzishwa na misheni ya Kilutheri ya Norway mwaka 1955. Nao Waaugustana wa Kiomboi walitoka katika kanisa lililoundwa Marekani mwaka 1860 na wahamiaji wa Sweden na Norway. Wanorway walijitenga 1870. Kwa hiyo wapo wenye shangazi aliyeolewa huko, na wapo Wazungu wanaokuja kuuliza bibi yao aliishi nyumba ipi.

Msomaji wa Singida ana bahati: majina ya kale ya Norway yanakwenda kama yetu. Ole Hansen ni Ole mtoto wa Hans, na dada yake ni Hansdatter. Baba na mtoto hawafanani jina la mwisho. Jina la tatu lilikuwa la shamba walipoishi, na familia ikihama shamba jina linabadilika. Sheria ya 1923 ndiyo iliyowalazimisha kushika jina moja la ukoo.

1. Fungua Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka za taifa za Norway. Ni bure. Tofauti na kwetu, sensa zao za zamani, ikiwemo ya 1910, zinasomeka jina kwa jina.
2. Tafuta kwa jina la kwanza, mwaka na parokia, kisha shamba.
3. Kama alipitia Marekani, kumbukumbu nyingi za sharika za Augustana ziko jimbo la Illinois, kwenye kituo cha Swenson kilichopo Rock Island.
4. Picha na barua za Misioni ya Leipzig: sehemu kubwa ya nyaraka iko Halle, Ujerumani.
└

MAKOSA NILIYOYAONA (MENGINE NI YANGU)

Kuamini umri wa kwenye kadi. Makarani walikadiria kwa macho. Kuunganisha watu wawili kwa sababu majina yanafanana: dai vitu vitatu vinavyokubaliana, kama vile jina la baba, kijiji na mwenzake wa safari. Kurusha picha za vyeti kwenye makundi ya WhatsApp, ambako baada ya siku mbili atajitokeza “mjomba” anayeomba nauli. Kumlipa dalali wa kumbukumbu: risiti ya ofisi ipo, ya dalali haipo. Kusahau kuandika mahali ULIPOTAFUTA UKAKOSA, ukarudi pale pale mwaka unaofuata.

Na kupima vinasaba kwa pupa. Nchini jambo hili lina sheria yake ya 2009, na kipimo kina tabia ya kujibu swali ambalo hukuuliza. Mwulize kwanza kila mtu ambaye majibu yatamgusa.

Kama ndugu alipotea kwa vita, maafa au safari za uhamiaji za siku hizi, nenda Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu, bila malipo.

MFANO WA BARUA

Tarehe, jina lako, kijiji na simu.
“Baba Paroko (au Mchungaji), Tumsifu Yesu Kristo / Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjukuu wa (jina) wa kijiji cha (jina). Namtafuta ndugu yetu aliyeondoka takriban mwaka (…), mtoto wa (baba) na (mama), anayedhaniwa kubatizwa kati ya (…) na (…). Majina aliyowahi kuitwa ni (…). Naomba kusomewa kumbukumbu zake pamoja na maandishi ya pembeni. Sidai mali yoyote. Nimeambatisha barua ya mtendaji wa kijiji.”

Kurasa mbili ni nyingi. Barua ya mtendaji iwe na muhuri.

UKIMPATA

Usipige simu kwanza. Sauti ngeni inayosema “mimi ni ndugu yako” siku hizi ni sauti ya tapeli. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa padre, mwache yeye atangulie. Nendeni wawili, mmoja awe mtu mzima, na mkiambiwa amekufa, ombeni kuonyeshwa kaburi kabla ya kuomba habari.

Sisi tuliambiwa hivyo. Petro Singida, ndivyo kambi nzima ilivyomwita, alifariki 1989. Binti yake alitukaribisha, akatuwekea maji, akatusikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza swali lake moja: ni nani kati yetu aliyetoka katika nyumba ya yule dada aliyekuwa akichunga naye punda, yule aliyeng'atwa na punda mkononi akaambiwa asiseme kwa mama?

Bibi ana kovu hilo mpaka leo. Tulimpigia pale pale, tukaweka spika.